Rosa Lewis, kutoka sinki la jikoni hadi hoteli yake mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rosa Lewis alikuwa nani?

Mpishi wa Kiingereza aliyeanza kazi za ndani akiwa na miaka 12, akaishia kumiliki Hoteli ya Cavendish iliyokuwa Jermyn Street, katikati ya London. Alizaliwa Septemba 1867 huko Leyton, Essex, na jina la kwao lilikuwa Rosa Ovenden. Alifariki Novemba 1952 akiwa na miaka 85. Kati ya tarehe hizo mbili alimpikia Mfalme Edward VII, akampikia Kaisari wa Ujerumani, na akapika katika nyumba nyingi za malodi waliokuwa wakishindana nani ana meza bora.

Watu wengi wakimtaja huanza na mfalme. Mimi naanza na sinki, kwa sababu bila sinki lile mfalme asingemfahamu.

Zama za Edward ni zipi?

Kwa hesabu kamili ni utawala wa Edward VII, tangu Januari 1901 alipofariki mama yake, Malkia Victoria, hadi Mei 1910 alipofariki yeye mwenyewe. Wengi huzivuta hadi 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kwa kuwa maisha yale ya anasa yaliendelea hadi hapo.

Edward alisubiri kiti muda mrefu mno. Alikuwa karibu na miaka 60 alipokipata, na miaka yote ya kusubiri aliipitisha kwenye karamu, mbio za farasi, uwindaji na safari za kukaa siku mbili tatu kwenye majumba ya marafiki. Alikuwa mlaji hasa. Mwenyeji aliyetaka Edward arudi kwake alipaswa kuhakikisha kwanza kwamba jikoni mambo yako sawa, na mpishi aliyejua anachokipenda alikuwa na thamani kubwa.

Alitoka familia ya namna gani?

Hawakuwa mafukara wa kutupwa, lakini hawakuwa na kitu cha kumwachia mtoto. Baba alikuwa fundi saa, baadaye akawa mfanyabiashara wa mazishi. Rosa alikuwa wa tano kati ya watoto tisa. Kwa familia kama hiyo binti akishajua kusoma na kuandika alitafutiwa nyumba ya kufanyia kazi. Utumishi wa ndani ndio uliokuwa ukiajiri wanawake wengi kuliko kazi nyingine yoyote Uingereza, zaidi ya milioni 1 kwa wakati mmoja.

Kazi yake ya kwanza tungeiita dada wa kazi: mtumishi mmoja tu, kazi zote zake. Kuwasha moto alfajiri, kufagia, kupiga deki, kufua, kuosha vyombo, kubeba maji ngazi juu ngazi chini. Mshahara ulikuwa shilingi 1 kwa wiki, pamoja na chakula na pa kulala. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, kwa hiyo alihitaji miezi mitano kuifikia. (Neno shilingi tunalolitumia sisi ndilo hilo hilo, tulilirithi kwao.)

Kupika alijifunzia wapi? Alienda chuo?

Hapana. Alijifunzia jikoni kwa Wafaransa waliofukuzwa kwao.

Katika miaka ya 1880 alipata kazi Sheen House, huko Mortlake, magharibi mwa London. Nyumba hiyo ilikuwa ya Comte de Paris, mjukuu wa Louis-Philippe, mfalme wa Ufaransa aliyeangushwa 1848. Mwaka 1886 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuwafukuza wanaodai kiti cha enzi, naye akahamia Uingereza na familia yake. Watu hawa walipoteza nchi lakini hawakupoteza jiko. Chakula chao kilikuwa cha Kifaransa na cha kifalme.

Jikoni kwa watu wakubwa kulikuwa na ngazi kama jeshini. Juu alikaa mpishi mkuu, mara nyingi mwanamume Mfaransa. Chini yake wapishi wasaidizi, kisha wasichana wa kumenya, kukata na kuchuja, na chini kabisa msichana wa kuosha vyombo. Masufuria yalikuwa ya shaba, mazito, yaliyopakwa bati ndani. Yalisuguliwa kwa mchanga, chumvi na siki hadi yang'ae, na mikono ikachubuka. Nami nimewahi kusugua sufuria za pilau kwa majivu na mchanga baada ya harusi, usiku kucha, kwa hiyo nikisoma habari za mikono ile sihitaji kuelezwa zaidi. Kitu kimoja anakijua kila aliyeosha sufuria: sufuria chafu husema mengi. Utaona mchuzi uliungwa vipi, siagi iliungua au haikuungua, mpishi alitumia divai au siki, na mezani walibakisha nini.

Rosa aliangalia, akauliza, akajitolea kufanya kazi za wengine. Mpishi akitaka kupumzika, yeye yupo. Msaidizi akiugua, yeye anashika mwiko. Akapanda ngazi moja moja, na alipoondoka kwa Wafaransa mwaka 1887 alikuwa amebeba kitu ambacho wanawake wachache sana wa Kiingereza walikuwa nacho: upishi wa Kifaransa, ukiwa mikononi mwake na si kitabuni.

Kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa?

Kwa sababu ya pesa na jinsia. Mpishi mwanamume Mfaransa katika nyumba ya lodi angeweza kulipwa mara mbili ya mwanamke Mwingereza, na zaidi. Iliaminika kwamba mwanamke hupika chakula cha nyumbani, ilhali chakula cha heshima hupikwa na mwanamume. Rosa akaingia katikati. Alikuwa na mbinu za Kifaransa, alijua Waingereza wanapenda nini utotoni mwao, na hakuwa na majivuno ya wale wapishi waliotaka kila kitu kifunikwe kwa mchuzi mzito.

Auguste Escoffier, mpishi mashuhuri kuliko wote wa enzi hizo, aliyekuwa akiongoza majiko ya hoteli kubwa za London, inasimuliwa kwamba alimwita Rosa malkia wa wapishi. Sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Alitokaje kwenye kuajiriwa hadi kujitegemea?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko la mfalme.

Mpishi wa kawaida alikuwa wa nyumba moja. Alilala humo, alikula humo, na bibi wa nyumba akimchoka alitoka na begi lake na barua ya sifa, akipewa. Rosa alianza kwa kukodishwa. Mmoja wa wa kwanza kumwamini alikuwa Lady Randolph Churchill, Mmarekani mrembo aliyekuwa mwenyeji maarufu wa karamu na mama yake Winston Churchill. Rosa mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa akimfukuza jikoni Winston, kijana wa nywele nyekundu, ili asimvurugie kazi. Meza ile ikaonwa na wengine, nao wakamtaka.

Hapo akaona jambo ambalo kwetu ni la kila siku: upishi wa shughuli. Nyumba nyingi hazikuhitaji mpishi wa hali ya juu siku 365. Zilimhitaji usiku mmoja, au wikendi ambayo Edward, wakati huo bado Mwanamfalme, angekuja. Basi Rosa akawa anauza usiku. Alikusanya kikosi cha wasichana, akawafundisha mwenyewe, akawavalisha nguo nyeupe tupu. Naye alivaa nyeupe, kofia ndefu ya mpishi kichwani na viatu vya kufunga kwa kamba hadi juu ya kifundo. Walifika na vyombo na vyakula ambavyo tayari vimetengenezwa nusu, wakaliteka jiko la watu, na usiku ukiisha wakaondoka na malipo.

Tazama tofauti ilipo. Mikono ilikuwa ile ile, moto ule ule, jasho lile lile. Kilichobadilika ni nani anapanga bei. Mtumishi hupokea anachopewa, ilhali Rosa aliandika bili.

Sheria ilimruhusu mwanamke kufanya biashara?

Ndiyo, na kwa bahati ilikuwa imebadilika karibuni. Kabla ya hapo, mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882 ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake na kufanya biashara kwa jina lake. Rosa aliolewa 1893. Angeolewa miaka 30 mapema, kila senti ya zile karamu ingekuwa ya mume.

Kura hakuwa nayo. Wanawake wa Uingereza walianza kupiga kura 1918, tena waliotimiza miaka 30 na kuwa na sifa fulani za mali.

Mume alikuwa nani?

Excelsior Lewis, mtumishi wa daraja la juu katika nyumba za wakubwa, yule anayesimamia divai, vyombo vya fedha na watumishi wengine. Wakachukua nyumba Eaton Terrace, wakapangisha vyumba. Mke akawa anatoka kupika, mume anabaki kusimamia. Usimamizi ukageuka ulevi na madeni. Ndoa ikavunjika, madeni akalipa Rosa. Jina la Lewis akaendelea nalo, kwani ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye bili zake na wateja walilijua.

Ni kweli alikuwa hawara wa mfalme?

Uvumi huo ulikuwepo wakati wao na haujafa. Wapo wanaosema hata ndoa na nyumba ya Eaton Terrace vilipangwa ili mkubwa apate mahali pa faragha. Ushahidi hakuna aliyeutoa. Kilicho wazi ni kwamba Edward alipenda chakula chake, aliwaambia wenyeji wake hivyo, na wenyeji wakamwita Rosa kila Edward alipotarajiwa.

Nina jambo la kusema hapa. Mwanamume akipanda kutoka chini, watu huuliza alifanya kazi gani. Mwanamke akipanda, huuliza alilala na nani. Huyu alikuwa akiamka kabla ya jua kuchagua mboga na nyama kwa mkono wake, akisimama mbele ya jiko la makaa ya mawe hadi usiku wa manane, mwaka hadi mwaka. Jibu la swali la alivyofanikiwa liko hapo.

Alipika nini hasa?

Kilichompa jina zaidi ni pudini ya kware. Kwa Waingereza, neno pudini si lazima liwe kitu kitamu; hii ni ya nyama. Unachukua unga wa ngano, unachanganya na mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe yaliyokatwakatwa vidogo, unapata donge la kusukuma. Unalitandaza ndani ya bakuli refu hadi kingo zote zifunikwe. Kware wanasafishwa, kila mmoja anaviringishwa katika kipande chembamba sana cha steki, wanapangwa ndani pamoja na uyoga, vitunguu vidogo na kotimiri ya Kizungu, na supu nzuri ya mifupa inamiminwa juu. Unafunika kwa donge lililobaki, unafunga bakuli kwa kitambaa, na unalipika kwa mvuke. Ukikata, mvuke wa ndege na uyoga unakupiga usoni, na lile donge limekwisha kunywa mchuzi wote.

Angalia akili iliyomo. Pudini ya mvuke ni chakula cha makabwela wa London. Mama wa Leyton angekitambua mara moja. Kware ni ndege wa mezani kwa wakubwa. Aliviweka kwenye bakuli moja, na malodi wakakililia.

Alikuwa pia na namna yake ya kutoa ule uyoga adimu unaochimbuliwa chini ya miti Ufaransa, ambao wapishi wengine waliukatakata kama pambo. Yeye aliuchemsha na kuuleta mezani mzima. Na Edward, mtu aliyelishwa kila kitu duniani, kwake alipenda pia nyama ya nguruwe iliyochemshwa na maharage mapana. Kujua ni usiku upi wa kutoa anasa na upi wa kutoa maharage ni ujuzi mkubwa.

Hoteli aliipataje?

Aliinunua mwaka 1902, mwaka ambao Edward alitawazwa. Kutawazwa kulipangwa Juni, mfalme akaugua ghafla na kufanyiwa upasuaji, kukafanyika tarehe 9 Agosti. Mwaka mzima London ilijaa wageni na karamu.

Cavendish haikuwa hoteli mpya wala kubwa kama zile za kisasa zilizokuwa zikijengwa. Alichoifanyia Rosa ni kuigeuza iwe kama nyumba. Aligawa sehemu zenye chumba cha kulala, sebule na chumba cha kulia cha faragha, ili mtu ale na wageni wake asionwe na wengine. Akanunua majengo ya jirani, akapanua. Samani nyingi zilitoka minadani kwenye majumba ya wakubwa, kwa hiyo mgeni alijikuta kwenye kiti cha aina ile ile aliyoiacha kwao. Lord Ribblesdale, mmoja wa mabwana waliojulikana sana London, alihamia humo akaishi humo.

Jikoni akabaki yeye. Upishi wa nje nao ukaendelea; hoteli ikawa kituo chake.

Ilikuwaje na Kaisari wa Ujerumani?

Mwishoni mwa 1907 Kaisari Wilhelm II alikuja Uingereza kupumzika, akakaa wiki kadhaa katika kasri la Highcliffe, pwani ya kusini. Rosa ndiye aliyepelekwa kuongoza jiko. Kaisari aliridhika akampa picha yake. Vita ilipoanza 1914, Rosa aliichukua picha ile akaitundika kichwa chini miguu juu kwenye choo cha wanaume.

Wasomaji wa kwetu wanajua upande mwingine wa mwaka huo. Wakati Kaisari anakaa mezani Highcliffe, serikali yake ilikuwa inamaliza kuzima Maji Maji kusini mwa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na watu walikuwa wanakufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa. Rosa hakuwa na mkono katika hilo. Lakini siwezi kuandika juu ya meza ile bila kuwataja waliokosa hata mtama mwaka ule.

Ni kweli aliwatoza wengine bili za wenzao?

Kweli, na alifanya wazi kiasi kwamba wote walijua. Wakati wa vita hoteli ilijaa maafisa vijana waliorudi mapumzikoni kutoka Ufaransa. Wengi hawakuwa na pesa, na wengi hawakurudi tena. Rosa aliwapa kitanda, akawapa shampeni, kisha gharama akaziweka kwenye bili ya tajiri yeyote aliyekuwa hotelini. Mwenye nacho alilipa na kunyamaza.

Kwa hesabu za biashara huo si uaminifu. Mimi simtetei kwa sheria. Nasema tu kwamba alikuwa amewahudumia matajiri tangu utotoni, alijua hasa kila mmoja ana kiasi gani, na vijana wale walikuwa watoto wa watu aliowapikia harusi zao.

Alipotajirika alianza kuongea kama wao?

Hakujaribu hata kidogo. Aliongea Kiingereza cha mitaa ya mashariki ya London hadi anakufa, matusi yakiwemo, mbele ya yeyote. Katika Uingereza ya wakati huo lafudhi ilikuwa ukuta. Wengi waliopanda waliificha kwanza. Ndiyo maana jina la utani alilopewa, Dachesi wa Jermyn Street, lilikuwa na utamu wake: cheo cha mke wa lodi wa daraja la juu kabisa, kwa mwanamke aliyeongea kama muuza samaki. Cheo cha kweli hakuwahi kupewa.

Basi msichana yeyote wa kazi angeweza kufika alipofika?

Hapana, na wanaomtumia Rosa kuwaambia wasichana wa kazi kwamba ni uvivu tu unaowazuia wananikera. Kwa kila Rosa walikuwepo maelfu waliosugua shaba ile ile, wenye akili na bidii, ambao hawakuwekwa kwenye jiko la mfalme aliyefukuzwa. Wengine waliugua mapafu kwa moshi. Wengine walifukuzwa kwa mimba waliyopewa na bwana wa nyumba. Rosa alikuwa na bahati ya mahali, bahati ya sheria iliyobadilika, bahati ya mlaji mmoja mkubwa. Kilicho chake kabisa ni alichokifanya bahati ilipopita mlangoni.

Aliishia wapi?

Dunia aliyoipikia iliondoka kabla yake. Edward alikufa 1910. Vita ikaua wana wa zile nyumba, kodi za urithi zikazikamua, na wasichana waliokwenda viwandani hawakutaka kurudi kulala kwenye vyumba vya darini. Rosa akabaki Cavendish, akizeeka katikati ya picha za wageni waliokufa. Vita ya pili ikaleta mabomu, na hoteli nayo ikaumia. Alifia London 1952. Edith Jeffery, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa naye hadi mwisho. Jengo lenyewe likabomolewa miaka ya 1960, na hoteli mpya yenye jina hilo ikajengwa hapo hapo.

Ile tamthilia ya BBC inamhusu yeye?

Ndiyo. *The Duchess of Duke Street*, iliyorushwa 1976 na 1977, imejengwa juu ya maisha yake, ingawa majina yamebadilishwa na mambo kadhaa yametungwa. Usiichukue kama historia.

Pudini ile naweza kuipika leo?

Unaweza. Kware wanafugwa na wanauzwa mijini. Mafuta ya figo mwambie muuza nyama mapema, kabla hajayatupa au kuyachanganya na mengine. Yawe meupe, makavu, yanayovunjika mkononi. Yakate madogo yakiwa ya baridi, usiyayeyushe, la sivyo donge litakuwa gumu kama ubao. Bakuli likiwa ndani ya sufuria, maji yasifike juu ya kitambaa, na kila yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi.